Neno la Polisi na Masikio ya Umma

Polisi wana silaha mbili. Ya kwanza ni rungu, nayo huonekana na kila mtu. Ya pili ni habari, nayo aghalabu haidhaniwi kuwa silaha. Mtu aliyepigwa rungu huweza kuwaonyesha majirani jeraha lake, akapata wa kumhurumia na wa kumshuhudia. Lakini mtu aliyeumizwa kwa taarifa iliyotolewa na polisi na kuchapwa katika magazeti hana jeraha la kuonyesha. Huambiwa kwamba lililoandikwa ndilo lililotokea, na kila akikana huzidi kuonekana mwongo. Kwa sababu hiyo historia ya polisi haikamiliki kwa kueleza namna walivyokamata wezi na kutuliza ghasia tu. Haina budi kueleza pia namna walivyosema na umma, walisema nini, na wakati gani walinyamaza.

Habari itokayo kwa polisi ni ya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa ingawa zote hupita mlango mmoja. Namna ya kwanza ni habari ya mambo ya watu wengine: farasi ameibwa, mtoto amepotea, muuaji ametoroka, mwenye kujua na aseme. Katika habari hii polisi ni mwombaji, na umma ndio wenye kitu. Namna ya pili ni habari ya polisi juu ya matendo yao wenyewe: mtu amefia mikononi mwao, risasi imempata asiye na hatia, amri mbaya imetolewa na watu wameangamia. Hapa polisi si mwombaji tena. Ni mdaiwa anayetakiwa kutoa hesabu, naye ndiye aliyeshika daftari. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Historia ya Uingereza, nchi ambayo kumbukumbu nyingi za polisi wake zimekwisha kufunguliwa, yaonyesha jinsi imani iliyochumwa kwa habari ya namna ya kwanza ilivyotumiwa kulipia habari ya namna ya pili.

Mwanzo wa jambo hili ulikuwa katika mtaa wa Bow Street, London, katikati ya karne ya 18. Jiji lilikuwa kubwa, wezi walikuwa wengi, na jeshi la polisi halikuwapo. Hakimu wa mtaa huo alikuwa Henry Fielding, mtunzi mashuhuri wa riwaya. Mwaka 1752 alianzisha gazeti lililoitwa Covent-Garden Journal, na ndani yake akachapa habari za mashauri yaliyoletwa mbele yake, akiwahimiza walioibiwa wapeleke Bow Street upesi maelezo ya mali yao na ya wezi wenyewe. Henry alifariki mwaka 1754, na kazi yake ikaendelezwa na John Fielding, ndugu yake kwa baba, mtu aliyekuwa kipofu. John alipanua mpango huo. Mwaka 1772 alianza kupeleka kwa mahakimu wa sehemu mbalimbali za nchi karatasi zenye majina na sura za watuhumiwa, ili zisomwe na kubandikwa mahali pa watu wengi. Katika mpango huo lilizaliwa jarida la Hue and Cry, ambalo baadaye liliitwa Police Gazette.

Hekima ya ndugu hawa wawili ilikuwa nyepesi kueleweka. Hakimu hana macho mengi, lakini mji una macho maelfu. Ukimwambia kila mwenye duka la rehani kwamba saa ya fedha ya namna fulani imeibwa, umeweka mlinzi katika kila duka bila kulipa mshahara. Habari ilipotolewa ilirudi na habari, kama mbegu irudivyo na suke. Hapo ndipo umma ulipozoea kusoma tangazo la polisi na kuliamini, maana haikuonekana sababu ya kulitilia shaka. Tangazo lilimtaja mwizi, halikumtaja hakimu.

Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipounda jeshi la polisi la London mwaka 1829, askari wake walivishwa nguo za rangi ya samawati ili wasifanane na wanajeshi. Watu wengi waliwachukia hata hivyo, wakidhani ni wapelelezi wa serikali. Makao yao makuu yalijulikana kwa jina la Scotland Yard, nayo yalishika desturi ya kunyamaza. Waandishi wa magazeti walikuwa wakizidi kuwa wengi, na wasomaji vilevile. Lakini kwa wakuu wa polisi mwandishi alikuwa mtu wa kufukuzwa mlangoni. Desturi hiyo ilijaribiwa sana mwaka 1888.

Kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba ya mwaka huo waliuawa kikatili wanawake watano maskini katika Whitechapel na mitaa iliyo jirani, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa waliuawa na mtu mmoja. Jiji lilishikwa na hofu. Polisi waliamriwa wasiwaambie waandishi neno. Waandishi nao hawakuweza kurudi maofisini mikono mitupu. Kwa hiyo waliwafuata wapelelezi njiani, wakawahoji walevi na wapita njia, wakachapa uvumi mahali ambapo habari ilikosekana. Mwishoni mwa Septemba shirika moja la habari lilipokea barua ya wino mwekundu, mwandishi wake akijidai kuwa ndiye muuaji. Ilitiwa sahihi ya Jack the Ripper. Mwanzoni mwa Oktoba polisi, kwa kutumaini kwamba mtu ataitambua hati yake, waliitoa nakala na kuibandika mbele ya umma. Hati haikutambuliwa, bali barua nyingine nyingi za uwongo zilimiminika. Baadaye wakuu kadhaa wa polisi waliamini kwamba ile barua iliandikwa na mtu wa magazeti. Kama ndivyo, basi jina linalotumiwa hata leo kumtaja muuaji huyo halikutoka kwa muuaji wala kwa wapelelezi. Lilitoka katika pengo lililoachwa na ukimya, na polisi ndio waliolipa mbawa.

Mwezi ule ule wa Novemba, Kamishna wa polisi, Charles Warren, alijiuzulu. Kisa kilichomwondoa chastahili kukumbukwa. Alikuwa ameandika makala juu ya kazi za polisi katika jarida moja la London bila idhini ya Waziri, naye akakaripiwa kwa kuvunja kanuni iliyokataza jambo hilo. Basi mkuu wa jeshi lililowanyima waandishi habari aliondoka kwa sababu ya kuandika. Ni dhahiri kuwa ukimya wa polisi haukuwa amri ya kulinda upelelezi peke yake. Ulikuwa pia amri ya kuamua ni nani mwenye ruhusa ya kusema kwa niaba ya dola.

Ukimya nao una bei yake, na kwa miaka mingi bei hiyo ililipwa mkononi. Maofisa wa chini waliuza habari kwa waandishi kwa fedha au kwa kinywaji. Ili kuuziba mfereji huo, mwaka 1919, katika zama za Kamishna Nevil Macready, Scotland Yard ilifungua ofisi ya kutoa habari kwa magazeti. Tangu hapo mwandishi aliweza kupokea taarifa iliyotayarishwa na iliyo sawa kwa wote. Hatua hii ilikuwa njema katika mambo mengi. Lakini ilileta badiliko ambalo halikuonekana mara moja: kwanza, mwandishi alianza kumtegemea afisa wa habari kama mchuuzi amtegemeavyo mwenye shamba, pili, polisi walipata mahali pa kupanga maneno kabla hayajatoka. Mlango ulifunguliwa, na bawabu akawekwa.

Hatari ya bawabu huyo haikuwa ya polisi peke yao, wala haikukaa London tu. Ilionekana waziwazi katika nchi ya Kenya, iliyokuwa ikitawaliwa na serikali hiyo hiyo ya Uingereza. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola iliyo karibu na Mto Tana, wafungwa wa kizuizini waliokataa kufanya kazi walipigwa na walinzi wao, na 11 wakafa. Hapa msemaji alikuwa serikali ya koloni, lakini kazi aliyoifanya ni ile ile. Taarifa ya kwanza iliyopewa magazeti ilieleza kwamba wafungwa walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari la maji. Taarifa hiyo haikutamka kwamba maji yaliwaua. Iliyaweka maji kando ya vifo, ikamwachia msomaji kazi ya kuunganisha. Uchunguzi wa maiti na wa hakimu ulithibitisha kwamba waliuawa kwa kipigo. Jambo lilifika katika bunge la Uingereza, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala, aliisuta serikali ya chama chake mwenyewe, akisema kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha wajibu kwa Afrika na kingine kwa nyumbani. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1973, Kamishna Robert Mark aliwaelekeza polisi wa London wageuze desturi ya zamani. Tangu zamani afisa alikatazwa kusema ila alipopewa sababu ya kusema. Sasa alitakiwa aseme ila alipokuwa na sababu ya kunyamaza. Wengi walidhani kwamba tatizo limekwisha, maana walifikiri ubaya wote ulikuwa katika ukimya. Msiba wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba polisi wanaosema sana waweza kuumiza zaidi kuliko polisi wanaonyamaza.

Tarehe 15 Aprili 1989 timu za Liverpool na Nottingham Forest zilikutana katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, kwa nusu fainali ya Kombe la FA. Mchezo ulikuwa uanze saa tisa alasiri. Nje ya uwanja, upande wa Leppings Lane, watu wa Liverpool walisongamana kwa kuwa milango ya kuingilia ilikuwa michache. Dakika nane kabla ya saa tisa afisa aliyeongoza polisi siku ile, David Duckenfield, aliamuru lango kubwa lifunguliwe. Watu wapatao 2,000 waliingia, na kwa kuwa njia iliyokuwa mbele yao haikufungwa, wengi walielekea katika vizimba vya katikati nyuma ya goli, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa. Vizimba hivyo vilizungushiwa uzio wa chuma. Waliokuwa ndani walibanwa hata wakakosa pumzi, na mchezo ukasimamishwa dakika sita baada ya saa tisa. Watu 96 walikufa kwa msiba huo, na wa 97 alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka 10.

Watu walipokuwa wangali wakitolewa katika vizimba, Graham Kelly, mtendaji mkuu wa chama cha mpira, alikwenda katika chumba cha polisi kuuliza kilichotokea. Duckenfield alimwambia kwamba mashabiki wamelisukuma lango wakaingia kwa nguvu. Lango alikuwa amelifungulisha yeye mwenyewe. Muda si muda neno hilo lilitangazwa ulimwenguni, na mzazi aliyekuwa nyumbani akingoja habari za mwanawe alisikia kwanza kwamba wenzi wa mwanawe ndio waliowaua wenzao. Ilipita miaka 26 kabla Duckenfield hajakiri mbele ya mahakama ya kuchunguza vifo, mwaka 2015, kwamba neno lile lilikuwa uwongo.

Siku nne baada ya msiba, tarehe 19 Aprili, gazeti la The Sun lilichapa katika ukurasa wa kwanza kichwa cha habari chenye maana ya “Ukweli”. Chini yake ziliandikwa tuhuma kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwashambulia askari waliokuwa wakiokoa watu. Tuhuma hizo zilitoka katika shirika dogo la habari la Sheffield, ambalo lilizipata kwa polisi na kwa mbunge mmoja wa mji huo. Mwandishi aliyezipokea hakuona haja kubwa ya kuzipima, kwa kuwa alizipata mahali alipozoea kupata habari za wezi na watoto waliopotea. Ile imani iliyopandwa na wale ndugu wawili wa Bow Street ilivunwa hapa, na waliolipa ni wafu.

Yafaa ieleweke kwamba ukweli haukuchelewa kujulikana. Mwezi wa Agosti 1989 Jaji Peter Taylor, aliyeamriwa kuchunguza msiba, alitoa taarifa iliyosema kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kuuongoza umati, akazikataa tuhuma za ulevi na ujeuri. Lakini taarifa ya jaji husomwa na wachache, na uvumi husomwa na wote. Mwaka 1991 uchunguzi wa vifo uliishia katika uamuzi kwamba watu walikufa kwa ajali, na masimulizi ya walevi yakaendelea kuzungumzwa katika mabaa na vyumba vya kunyolea kana kwamba jaji hakunena.

Jamaa za marehemu hawakukubali. Kwa miaka zaidi ya 20 waliomba nyaraka zifunguliwe, na hatimaye jopo huru lililoongozwa na Askofu James Jones lilizipitia na kutoa taarifa yake tarehe 12 Septemba 2012. Kurasa zaidi ya 450,000 ziliwekwa mbele ya umma. Ndipo ilipojulikana kwamba maelezo ya askari 164 yalikuwa yamerekebishwa sana kabla ya kupelekwa kwa wachunguzi, na katika 116 miongoni mwake maneno yaliyowalaumu polisi yalikuwa yameondolewa au kubadilishwa. Ilijulikana pia kwamba marehemu waliokutwa na kilevi katika damu zao walitafutwa katika kumbukumbu za polisi, ionekane kama waliwahi kuwa na hatia yoyote. Uamuzi wa 1991 ulifutwa. Tarehe 26 Aprili 2016 raia walioapishwa kusikiliza uchunguzi mpya waliamua kwamba wale 96 waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama.

Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ilikuwa ya miaka 27, na wazazi kadhaa walikufa kabla ya kufika mwisho wake. Tena mwisho wenyewe haukuwa wa adhabu. Duckenfield alishtakiwa kwa kuua kwa uzembe, na mwaka 2019 aliachiliwa baada ya kuonekana hana hatia. Mwaka 2021 kesi ya watu watatu waliohusishwa na kurekebishwa kwa maelezo ya askari ilivunjika, maana jaji aliona kwamba uchunguzi wa Taylor haukuwa mahakama. Kwa hiyo kubadili karatasi zilizopelekwa kwake hakukuweza kuitwa kosa la kupotosha haki. Msomaji wa historia na atulie hapa. Sheria ilimlinda hakimu dhidi ya uwongo, lakini haikuulinda umma. Afisa aliyewadanganya watu milioni nyingi katika magazeti hakuwa na kosa lenye jina.

Haisemwi kwa hayo kwamba polisi wanapaswa kutangaza kila wanalolijua. Ziko siri za haki. Mtuhumiwa ana haki ya kuhukumiwa na watu ambao hawajalishwa hukumu na magazeti; shahidi ana haki ya kulindwa; mama aliyefiwa ana haki ya kuambiwa na mtu mlangoni kwake kabla ya kusikia redioni. Tena katika saa ya kwanza ya msiba hata mtu mwaminifu hajui yote. Lakini neno “bado hatujui” ni habari kamili, na laiti lingalisemwa katika chumba kile cha Hillsborough, lisingalimdhuru mtu. Tatizo halikuwa haraka peke yake. Lilikuwa kwamba aliyeulizwa juu ya kosa ndiye aliyekuwa mwenye kosa, na waliokuwa wakisikiliza hawakuwa wamezoea kulitazama hilo.

Hapa ndipo ile tofauti ya namna mbili za habari inapoonekana kuwa na kazi. Polisi wanapotangaza mtoto aliyepotea, umma una sababu ya kuamini na kusaidia bila kuchelewa. Wanapoeleza kifo kilichotokea mikononi mwao, tangazo lao ni maneno ya mmoja wa wenye shauri, na mwandishi anayelichapa bila kutafuta sauti ya pili amekuwa karani wa upande mmoja. Kuwatenga polisi kwa kila neno wasemalo ni upumbavu. Kuwapa imani ile ile katika mambo yote mawili ni upumbavu mkubwa zaidi.

Mwezi wa Januari 2023 wakuu wa polisi wa Uingereza waliomba radhi kwa jamaa za wafu wa Hillsborough, na mwezi wa Septemba 2025 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kuwalazimisha watumishi wa umma kusema kweli mbele ya wachunguzi, ambao jamaa hao walikuwa wameudai kwa miaka mingi. Sheria ya namna hiyo ni jambo jema. Lakini kilichowaokoa wafu wa Hillsborough katika aibu waliyotupiwa kilikuwa karatasi: maelezo ya kwanza ya askari, yaliyoandikwa kabla ya kalamu ya pili kupita juu yake, na yaliyohifadhiwa mahali ambapo mwenye kosa hakuweza kuyachoma. Nchi itakayo kujua namna polisi wake wanavyosema na umma haitatazama tu uhodari wa msemaji wao mbele ya waandishi. Itauliza karatasi za siku ile zimewekwa wapi, na ufunguo uko kwa nani.